Medali ya Mama Beda

Asubuhi za kijiji cha Pito huanza kwa ufagio na moshi wa jikoni. Kwa Otilia, mama yake Beda, mwaka huu zilianza kwa kikohozi. Alikohoa akipeta ulezi. Alikohoa kanisani mpaka padri akanyamaza kidogo kumsubiri. Wiki ya nne mumewe, Wilibrodi, alimpeleka hospitali mjini Sumbawanga.

Cornelia, mtaalamu wa eksirei, alimwamkia shikamoo Mama Beda, kisha akamwomba avue kila kitu cha chuma. Otilia alivua hereni. Medali ya Bikira Maria hakuivua. Mama yake alimvalisha siku ya kipaimara, naye aliapa haitatoka shingoni maisha yake yote. Akaisogeza mgongoni, upande wa kulia, chini ya kanga. Mkaidi huyu mama, lakini tunampenda hivyo hivyo.

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, pafu la kulia lilikuwa na doa jeupe la mviringo. Wilibrodi aliliona. Dada yake alikufa kwa uvimbe wa pafu mwaka juzi. Akaketi sakafuni.

Lakini kompyuta haikuandika uvimbe. Iliandika: kitu kigeni, huenda ni chuma, picha irudiwe.

Wilibrodi aliuliza mashine imejuaje. Cornelia alimvutia kiti.

"Baba, shangazi yake Beda anaweza kuwa dada yake mkeo?"

"Hawezi. Huyo ni mama mdogo au mama mkubwa. Shangazi ni dada yangu mimi."

"Umejuaje, na hata sijamtaja jina?"

"Ndivyo ukoo ulivyo."

"Basi kompyuta hii nayo imefundishwa ukoo wa vitu vya mwilini. Pafu liko ndani ya kifua. Uvimbe ni nyama. Pichani nyama haing'ai kuliko mfupa, chuma hung'aa. Ikapewa pia kanuni: kinachong'aa kuliko mfupa kisiitwe uvimbe. Kabla ya kubandika jina kwenye picha, inapitia kanuni hizo. Halafu inaandika sababu, ili sisi tuikague. Kuamua ugonjwa ni kazi ya daktari."

Kisha akamuuliza Otilia kwa upole kama amebaki na kitu chochote. Otilia alitazama chini, akavuta uzi wa medali kutoka mgongoni. Wilibrodi alitaka kumgombeza, lakini kicheko na machozi vilimjia pamoja.

Katika picha ya pili doa lilikuwa limetoweka. Pale lilipokuwa, palionekana ukungu mdogo uliokuwa umefichwa na medali. Safari hii kompyuta iliandika: ukungu ndani ya pafu, kifua kikuu kichunguzwe. Daktari aliagiza makohozi yapimwe. Kweli kilikuwa kifua kikuu, bado kichanga, nacho kinatibika.

Otilia alimeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja. Watu wote wa nyumbani walipimwa. Kikohozi kiliisha, nguvu zikarudi, na sasa anapeta ulezi akiimba.

Siku ya picha ya mwisho, Cornelia hakuhitaji kumkumbusha. Otilia aliivua medali mwenyewe mlangoni, akaiweka kiganjani mwa Wilibrodi, akamfumba vidole.

"Nishikie," alisema. "Nikitoka nataka kumshukuru Mama Maria, na sasa pumzi ya kumshukuru ninayo."