Karibu ya Mwalimu Greta

Hodi ilitoka ukutani. Si mlangoni, maana mlango ulikuwa wazi na jua la saa nane mchana lilikuwa linaingia mpaka kwenye mkeka. Ilitoka kwenye ukuta wa nyuma, kule kwenye kabati la vitabu, pale ambapo wakati wa Mjerumani palikuwa na mlango na watu waliokuja baadaye wakauziba kwa mawe. Sauti ya mwanamke, nyembamba, ya mtu aliyechoka na safari. Ilisema mara moja tu. Na Mwalimu Greta, aliyekuwa anasahihisha madaftari ya wasichana, akajibu bila hata kuinua kichwa.

"Karibu."

Penina alikuwa sakafuni anambadilisha mtoto nepi. Akamnyanyua haraka, nepi haijafungwa.

Sasa, karibu hiyo ni Penina mwenyewe aliyemfundisha. Greta alikuwa ametoka Uswidi, wiki yake ya tatu katika shule ya misheni huku juu mlimani, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na mbili, na ule mwaka watu wa Meru hawakuwa na hamu na Mzungu yeyote, kwa sababu ya mashamba waliyonyang'anywa. Penina alikuwa na darasa la nane na Kiingereza kidogo, basi akaajiriwa ampikie mwalimu na amfundishe lugha. Siku ya kwanza kabisa alimwambia, mwalimu, hapa unaangaliwa, ukisikia hodi itikia karibu, mtu akiaga mwambie karibu tena, usipofanya hivyo watasema huyu naye ni wale wale. Greta akayaandika kwenye kijitabu akayashika kama sala. R ilikuwa inamkwama kooni, lakini aliyasema. Alimkaribisha mleta kuni, akamkaribisha mwenye maziwa, akamkaribisha mpaka kuku aliyechungulia mlangoni. Wanawake kule mferejini walikuwa wakimcheka Penina, kwamba Mzungu wako siku moja atamkaribisha chui, na chui ana adabu zake, ataingia.

Kitu ambacho Penina hakumwambia ni hiki, kwamba mtu hupiga hodi, akarudia, akarudia tena mpaka aitikiwe, na ile unayoisikia mara moja tu huiitikii, unaendelea na kazi yako kama kiziwi. Hakumwambia kwa sababu hata yeye hakuna aliyewahi kumwambia. Alikua nalo tu.

"Nani huyo?" Penina akauliza, sauti imeshuka.

Greta akatazama mlangoni, hakuona mtu, akacheka kidogo, akasema labda ni wasichana wanamchezea. Kisha kile kiti cha wageni, cha ngozi ya ng'ombe, kikalia taratibu, kama kinavyolia mtu anapokikalia kwa heshima.

Kesho yake saa nane ile ile ikaja harufu. Majivu yaliyonyeshewa. Iliingia bila upepo, ikakaa kwenye kiti, ukisogea mbali inapungua, ukikaribia inakupalia. Chai ya Penina aliyoiacha mezani ipoe akaikuta imekwisha, na ukingoni mwa kikombe pana alama ya kijivu ya mdomo. Akamuuliza Greta kama ni yeye aliyeinywa. Greta akatikisa kichwa, na siku hiyo hakucheka.

Halafu ikawa Marta. Marta alikuwa na miezi sita, mtoto wa kwanza wa Penina, mnene, wa kelele, ananyonya mpaka anatoka jasho. Siku ya Alhamisi akalikataa ziwa. Penina akamgeuza upande wa pili, akakataa, akafunga midomo, akawa anamwangalia mama yake kama mtu anayekutana na mwanamke asiyemjua njiani, na alipomweka begani mtoto akacheua maziwa, maziwa mengi, meupe, yenye harufu ya majivu, na Penina akasimama pale ameshika bega lililolowa, maana toka alfajiri yeye hakuwa amemnyonyesha.

Akamchukua akakimbia naye nyumbani kwa mumewe, Nathanaeli, akasema harudi tena kwenye ile nyumba hata wamfunge kamba. Siku mbili Marta hakunyonya, hakulia, hata uji wa kijiko aliuacha ukimchuruzika shingoni, na alikuwa anakuwa mwepesi, yaani ukimwinua mkono wako unapanda juu kuliko ulivyotaka. Siku ya tatu Nathanaeli akasema kwa sauti ya chini, mrudishe, angalau kule anakula. Ndivyo alivyorudi, mama anampeleka mwanawe kwa miguu yake mwenyewe kule kule alikomtoa, na walipovuka kizingiti tu Marta akakinyooshea mikono kile kiti kitupu, akacheka.

Penina akatoka nje dakika moja kuanika nepi, dakika moja tu. Aliporudi akamkuta Greta amesimama kwenye kona, kalamu mkononi, rangi imemtoka.

"Mama Marta," akanong'ona, "nimesikia mtoto ananyonya. Lakini wewe ulikuwa nje."

Kidevuni mwa Marta palikuwa na tone jeupe.

Wakamwita Mwinjilisti Ephraimu, mtu wa mwili mkubwa na sauti ya kujaza kanisa. Akasimama mbele ya kiti, akafumba macho, akaomba vizuri sana, na alipokuwa anavuta pumzi ili amalizie, kiti kikasema "Amina" kabla yake. Ephraimu akafumbua macho. Akasema kwa upole kwamba jambo hili linahitaji mchungaji wa mjini, atampelekea habari Jumapili ikipita, akaondoka, na kofia yake ikabaki mezani, mpaka leo hakuna aliyemwona akiifuata.

Nathanaeli hakuaga anakwenda wapi. Alizunguka mlima kwa miguu mpaka Oldonyo Sambu, ambako zamani alikuwa akinunua ng'ombe, akarudi na bibi mmoja wa Kimasai, Nkasiogi, mwembamba, mwenye fimbo na kibuyu kidogo cha maziwa. Penina akamwamkia shikamoo, akamwita Koko kama wanavyoitwa bibi zao kule. Nkasiogi akanusa chumba, akakizunguka kiti kwa mbali, akakaa chini sakafuni.

"Mimi napiga homa, napiga laana," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mgeni sipigi. Nani alisema aingie?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha mwalimu, Koko," Penina akasema.

"Sikuuliza nani alifundisha. Nani alisema?"

Greta akainua mkono, kama mwanafunzi.

Basi Nkasiogi akaeleza kwamba aliyemkaribisha ndiye wa kumpa ruhusa ya kuondoka, hakuna mwingine duniani, na aseme kwa lugha ile ile, bila kukosea. Penina akampeleka mwalimu jikoni. Wakakaa juu ya magunia kama siku zile za kwanza za salamu, mmoja anasema na mwingine anafuata, kwa kunong'ona, mara ishirini, mara thelathini, mgeni umekaa, umekunywa, ruhusa unayo, mtoto ni wa mama yake.

Saa nane harufu ikaingia. Kiti kikalia. Nkasiogi akanyunyiza maziwa kwa majani mabichi kutoka kwenye kiti mpaka ukutani, mstari mmoja, njia. Greta akasimama, na Penina akamkumbatia Marta akayafuata maneno kwa midomo bila sauti.

"Mgeni, umekaa. Umekunywa. Ruhusa unayo. Mtoto ni wa mama yake."

Kisha kiti kikalia tena, safari hii kama kinavyolia mtu anaponyanyuka. Na Marta akalia. Akalia kilio chake kile cha kelele, siku ya tisa hakuwa amelia, akatafuta ziwa kwa mdomo akalipata, akavuta kwa nguvu mpaka Penina akauma meno kwa maumivu na machozi yakamdondoka juu ya kichwa cha mwanawe, na sakafuni nyayo zikasikika, nyepesi, zinafuata ule mstari wa maziwa, zinapita mezani, zinalipita kabati, harufu inapungua, inapungua, mpaka sauti ikasikika kutoka ng'ambo ya mawe, nje kabisa.

"Kwaheri, mwalimu. Nimeshukuru."

Uso wa Greta ulikuwa umelowa machozi ya furaha. Akafanya kama alivyofundishwa.

"Kwaheri," akasema. "Karibu tena."

R ikatoka safi, kama ya mtu aliyezaliwa Meru.

Penina alikuwa tayari amefungua mdomo amzuie, akachelewa. Nkasiogi hakujua Kiswahili kingi, ila neno hilo alilijua. Akaokota kibuyu, akaegemea fimbo, akasimama. Penina akamshika shuka.

"Koko, mwambie mwalimu alirudishe neno lake. Alifute."

"Mnalifuta kwa neno gani?" bibi akauliza. "Mimi kwetu sina. Ninyi mnalo?"

Penina akatafuta. Alitafuta katika Kiswahili chote alichokuwa nacho, cha nyumbani, cha kanisani, cha darasa la nane, neno la kumwondolea mtu karibu aliyokwisha kupewa, na hakuliona, halikuwepo, na huko nje kwenye mibuni nyayo zilizokuwa zinakwenda zikasimama.

"Hodi," ukuta ukasema.

Greta alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Hodi."

Nathanaeli akautazama mlango ulio wazi, akamtazama mkewe.

"Hodi," ikasema mara ya tatu, kwa utaratibu, kama mtu.

Marta akaliachia ziwa. Akageuza kichwa kuelekea kwenye kabati la vitabu, akatabasamu.