PEDALI YA TATU

"Huyu? Huyu hata kwenye tope anakwenda na gia ya tano!"

Aliyesema hivyo ni Anatoli. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Mshenga wangu!

Alisema mbele ya wazee wa ukweni, huku akijua kabisa kwamba mimi Nyanda sijawahi kuendesha gari hata siku moja...

Muda huo nilikuwa kwenye kiti cha dereva cha pikapu ya baba mkwe. Mkanda nimefunga. Funguo ninayo mkononi. Wazee watano wameshapanda nyuma.

Nikamkonyeza Anatoli. Nikamkonyeza tena. Akaangalia pembeni!

Nikashika kitasa nishuke, nijifanye tumbo limevurugika.

Mlango haukufunguka.

"Huo unafunguliwa kwa nje tu," akasema Mzee Mayige, baba yake mchumba wangu, akijiweka sawa kwenye kiti cha abiria. "Washa, mkwilima, mkwe wangu. Jua linakwenda."

Wadau, ngoja kwanza niwaeleze nilivyoingia humo. Mtanicheka, najua. Chekeni tu.

Mimi ni fundi simu pale stendi, Bariadi. Anatoli ana kibanda cha gemu nyuma ya soko. Mwaka jana akaleta gemu la mbio za rali, na usukani wake kabisa wa kufunga mezani, na pedali mbili chini. Gesi na breki.

Jamani, lile gemu si la kitoto! Vumbi unaliona. Kokoto zinavyogonga chini ya gari unazisikia. Ukiingia kona vibaya, usukani unakupigania mikononi.

Halafu kuna msoma njia. Humwoni, ni sauti tu, anakuambia kona na namba ya ukali wake kabla hujaifikia. Kulia nne! Kushoto mbili, inakaza! Mtaro! Ukimsikiliza unapona. Ukijifanya mjuaji, unakutana na mti.

Nilikuwa moto kinoma. Kibanda kizima hakuna aliyenigusa.

Siku moja Anatoli akanirekodi. Kioo cha tivii kwa karibu, mikono yangu kwenye usukani, glovu nimevaa. Kwenye simu ndogo hutofautishi na gari la kweli. Nikamtumia Minza, mtoto wa kule Ngulyati. Tulikuwa na wiki tatu tu kwenye mahusiano.

"We Nyanda! Huyo ni wewe??"

Nilitakiwa kujibu, "Ni gemu, mama."

Nikajibu, "Ndiyo mimi. Mazoezi tu hayo."

Hapo ndipo nilipofunga mkanda, wadau.

Minza akamwonyesha baba yake. Nilipokwenda kujitambulisha, mzee akaniuliza swali moja tu.

"Na huyo anayepayuka pembeni ni nani?"

"Msaidizi wangu, baba. Mzungu."

"Anakuongoza vizuri?"

"Sana, baba."

Akatikisa kichwa, akanywa togwa yake.

Baada ya hapo kila Jumamosi nikawa namwambia Minza niko mazoezini. Kumbe niko kwa Anatoli nakula karanga. Siku moja akaniambia, "Si unifundishe na mimi?"

"Hiyo kazi ngumu, mama. Wanawake hamuiwezi."

Hilo neno likumbukeni.

Basi ikafika siku ya mahari. Kwetu mahari ni ng'ombe, na ng'ombe hawakubaliwi kwa maneno. Wazee wa upande wa binti wanakwenda wenyewe kuwakagua, pembe, meno, kwato, mmoja mmoja. Ng'ombe wetu wako Kasoli, kwenye zizi la baba. Wazee wanatoka Ngulyati, na mimi na Anatoli tukaenda kuwafuata.

"Leo dereva wetu ni mkwilima!" akatangaza Mzee Mayige.

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikasukumwa mpaka kwenye kiti, mlango ukabamizwa.

Na mimi hapo nikawa sina pa kutokea! Nikisema ukweli, Minza ndo basi tena. Nikiwasha, naua wazee wa watu.

Nikaangalia chini...

Pedali TATU!

Mimi nazijua mbili. Hii nyingine ya nini??

"Mkwilima, vipi?"

"Naisikilizia kwanza, baba."

"Unaisikilizia wakati haijawaka?"

Wazee wakacheka huko nyuma. Jasho likaanza kunitoka mpaka magotini. Kidole changu cha shahada kilikuwa kinacheza chenyewe, kinatafuta kitufe cha gemu.

Mbele yangu, hatua kama nne, bibi yake Minza alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapepeta choroko. Akaniinulia mkono, akanisalimia kama mwanawe.

"Mwadila, ng'wanawane!"

"Mwadila, bibi," nikajibu kwa sauti ya kuku.

Nikajiambia pedali ya tatu labda ni ya akiba. Nikazungusha funguo.

Gari likaruka!

Likaruka tena, kama ndama aliyefunguliwa kamba! Nyuma wazee wanaangukiana, mimi nakanyaga kila kitu kilichoko chini, mtu anapiga ukelele...

Likazima.

Ungo wa choroko ulikuwa chini ya bampa. Bibi alikuwa ameshasimama, mkono kifuani. Kati ya bampa na kigoda chake ilibaki shubiri moja. Moja, wadau.

"SIJUI KUENDESHA!"

Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

"Baba, sijui! Ile video ni gemu! Sijawahi kushika gari mimi! Bibi nisamehe... nisameheni jamani!"

Nikalia. Mwanaume mzima, mkanda kifuani, mlango haufunguki.



"Wabeja, ng'wanawane," akasema Mzee Mayige.

Yaani ananishukuru!

"Baba... ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Niliitazama mpaka mwisho. Milima, misitu, Mzungu wako anapayuka." Akanigeukia. "Barabara ndefu namna ile, hajavuka ng'ombe hata mmoja! Hata mbuzi! Hiyo ni barabara ya wapi?"

Wazee wakaangua kicheko.

"Nikamwita mshenga wako, akakiri. Nikamkataza kukuokoa. Nilitaka useme kwa mdomo wako, kabla sijakupa mtoto wangu." Hapo akamwangalia bibi kupitia kioo cha mbele. "Ila sikudhani ungewasha. Nilijua utasema kabla. Hapo nimekosea mimi, na mama yangu nitamwomba radhi."

Mlango wangu ukafunguliwa. Kwa nje.

Ni Minza. Yeye hakuwa akijua lolote, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ungemuua bibi yangu."

"Minza, nisamehe..."

"Shuka. Panda nyuma kwa wazee."

Nikashuka. Akakaa yeye. Akakaza kanga kiunoni, akakanyaga pedali ya tatu, kumbe ndiyo klachi, akaingiza gia, akarudi kinyumenyume kati ya zizi na ghala bila kugusa hata kijiti!

Nikamkimbilia dirishani.

"Unajua gari??"

"Pamba ya baba nani anaipeleka kila msimu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uniulize. Ukasema wanawake hatuiwezi."

Nikapanda nyuma kwa wazee.

Tukaondoka. Nimebanwa kati ya wazee wawili, Anatoli naye humo humo nyuma, kakaa ananielekea, anaangalia miguu yake. Tulipoacha lami, Mzee Mayige akatoa kichwa dirishani.

"Mkwilima! Si unajua kusoma njia? Simama usome!"

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikasimama, nikashika bomba la juu, vumbi mdomoni. Ile njia naijua, utoto wangu wote nimechunga humo.

"Kulia nne!" nikaita. "Kushoto mbili, inakaza! Mtaro... polepole mama, mtaro!"

Minza akapunguza. Alinisikiliza, wadau. Kwa hasira zake zote, alinisikiliza.

"Kulia tatu... NG'OMBE!"

Wazee walicheka mpaka mmoja akadondosha kofia.

Ng'ombe walikubaliwa. Minza ndiye aliyeweka sharti, akasema ndoa ni baada ya mimi kupata leseni, na mwalimu ni yeye. Jumamosi zangu siku hizi ni za klachi, na bibi anahamisha kigoda chake mapema. Anatoli bado ninamnunia.

Ndugu yangu unayesoma hapa, uongo ni ule mlango wa dereva. Kuingia unaingia mwenyewe, tena kwa vigelegele. Kutoka, mpaka yule uliyemdanganya aje akufungulie. Sema sasa hivi, kabla hujazungusha funguo.