Siri Haikuwa ya Babu

Kila asubuhi, kabla ya ukungu kuinuka juu ya mashamba ya maharage ya Gahanga, Iteka alikuwa amekwisha kufua shuka lake. Alilifulia nyuma ya nyumba katika beseni la bluu, akalisuuza kwa maji mawili, akalikamua mpaka viganja vikamuuma. Kisha alilianika kando ya ukuta wa matofali ambao jirani alikuwa bado hajamaliza kuujenga, mahali ambapo mpita njia hangeweza kuliona. Ndipo alipooga, akavaa sare ya shule na kuketi kunywa uji pamoja na mama yake na babu yake, kama mtoto asiye na neno moyoni.

Iteka alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Mwaka uliotangulia baba yake, Valens, aliyekuwa dereva wa pikipiki ya abiria, aligongwa na lori karibu na makutano ya Sonatubes akafariki papo hapo. Tangu wiki ile ya msiba mtoto huyu hakuwa tena yule aliyejulikana. Aliposikia pikipiki ikifunga breki barabarani, moyo ulimwenda mbio, mikono ikamtetemeka na pumzi ikamkatika. Tena alikuwa akikojoa kitandani, jambo aliloliacha tangu akiwa na miaka mitatu. Mama yake, Spès, alilijua hilo. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mjane mchanga, anayeshinda kwenye cherehani kutwa nzima, na hakujua amwendee nani.

Babu alilijua siku alipoamka mapema kuliko desturi yake, akamkuta mjukuu wake ameinama juu ya beseni.

Mzee Rutayisire alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne, kwanza Bujumbura alikolelewa, kisha Kigali alikostaafu. Koti lake lilipigwa pasi kila siku hata kama haendi popote. Alichukia uongo na uchafu, na hakuna arusi wala kikao kilichomalizika kabla hajaombwa kusema maneno mawili, ambayo kwa kawaida yalifika mia mbili.

"Unafua nini alfajiri hii?" akauliza.

Iteka akalizamisha shuka ndani ya povu.

"Nimekuuliza, binti. Katika nyumba hii hatufichani."

Iteka akamweleza yote huku machozi yakidondokea povu la sabuni. Alipomaliza, akamshika babu yake mkono kwa vidole vilivyolowa. "Babu, nakuomba usimwambie mtu."

"Mimi?" Mzee akajinyoosha. "Umewahi kusikia neno la mtu limetoka kinywani mwangu?"

"Sijasikia, Babu."

"Basi limeingia kwangu, na hapa ndipo safari yake inapokoma."

Wiki ile ile alimchukua Iteka na mama yake hadi kituo cha afya, kwa muuguzi wa afya ya akili aliyeitwa Twizeyimana. Alikuwa mwanamke mpole asiyekuwa na haraka. Alimsikiliza Iteka peke yake, kisha akawaita wakubwa.

"Huu si ukaidi," aliwaambia, "wala si uvivu, wala hajarogwa. Ni hofu na huzuni, na mwili wake unazibeba kwa namna hii. Inatibika. Lakini mimi namwona mara moja kila baada ya wiki mbili, nanyi mnamwona kila siku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa iko nyumbani kwenu."

Akawagawia kazi. Mama angekaa na Iteka kila jioni na kumwacha azungumze habari za baba yake, hata kama wote wawili watalia. Babu angemsindikiza shuleni kwa mwendo wa polepole, akisimama naye kila moyo unapomwenda mbio mpaka utulie. Na mtu yeyote asimkaripie kwa sababu ya shuka.

Wakafanya hivyo bila kukosa. Mwezi wa tano ulipofika, wiki nzima ilipita shuka likiwa kavu. Iteka alianza tena kuimba alipokuwa akiosha vyombo.

Katika kijiji chao, au mudugudu, kulikuwa na kikao cha kila mwezi ambacho wakazi hukiita umugoroba w'imiryango, yaani jioni ya familia. Hapo majirani hukutana kabla ya jua kuzama, wakajadili matatizo ya nyumba zao, na familia iliyoshinda tatizo fulani husimama ikatoa ushuhuda ili wengine wajifunze. Siku hiyo watoto waliitwa kuimba wakati wa kufungua kikao, na Iteka alikuwa miongoni mwao, amevaa sweta ya kijani.

Baada ya nyimbo, mzazi mmoja alilalamika kwamba watoto wa siku hizi wameingiwa na mapepo, na kwamba dawa yao ni fimbo. Watu wakaguna, wengine wakikubali, wengine wakikataa. Mzee Rutayisire hakuweza kuvumilia. Akasimama, akafunga vifungo vya koti lake.

"Ndugu wakazi," alianza, kwa sauti ile ile iliyowahi kunyamazisha madarasa ya watoto sitini. "Nitawapa mfano, na mfano wangu unatoka nyumbani kwangu. Mjukuu wangu Iteka, yule pale mwenye sweta ya kijani, tangu baba yake afariki amekuwa akikojoa kitandani. Msichana wa miaka kumi na miwili! Je, tulimpiga? Hatukumpiga. Je, tulificha? Hatukuficha. Tulimpeleka kituo cha afya, na leo anaendelea vizuri!"

"Huo ndio ushuhuda!" akasema kiongozi wa mudugudu kwa furaha. "Mpigieni Mwalimu makofi! Na mtoto naye, mpigieni!"

Makofi yakalipuka. Watu wazima walikuwa wakimtazama Iteka kwa wema, na wema huo ulimchoma kuliko kofi. Watoto wenzake walikuwa wakitazamana, wameziba midomo kwa viganja. Iteka aliyatazama makubazi yake. Alitamani ardhi ipasuke mahali pale pale.

Njiani kurudi nyumbani babu alitembea kifua mbele. "Umeona walivyosikiliza? Jirani yetu Mama Shami ameniomba namba ya simu ya muuguzi. Anasema mwanawe naye ana shida."

"Uliniahidi, Babu."

Mzee akasimama. "Nimesema ili kuwasaidia watu. Aibu iko wapi? Ugonjwa si wizi."

"Uliniahidi," Iteka akarudia, akatangulia mbele.

Kesho yake hakuhitaji kuuliza kama habari imefika shuleni. Gisa, mvulana mwenye ulimi mwepesi kuliko wote darasani, alikuwa akimngoja mlangoni.

"Iteka! Kwenu jana mvua imenyesha?"

"Mbona kwetu kulikuwa kukavu?" akadakia mwingine.

"Msimkalishe kwenye dawati langu jamani, litaota majani!"

Darasa likaangua kicheko. Iteka angeweza kukistahimili kicheko kile, kwa kuwa Gisa alikuwa akimcheka kila mtu. Kilichomvunja ni Uwera, rafiki yake tangu darasa la kwanza, aliyekaa naye dawati moja. Uwera hakucheka. Alilivuta begi lake kidogo tu, likawa mbali na miguu ya Iteka.

Wiki ile shuka lililowa siku nne. Iteka hakulifua tena alfajiri. Aliliacha kitandani mpaka mama yake alipolikuta, kwa maana hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumficha. Alikwenda shuleni peke yake, upande wa pili wa barabara, huku babu akimfuata kwa mbali bila kujua atamkaribia vipi. Na siku ya kituo cha afya ilipofika, aliketi mbele ya muuguzi kwa nusu saa nzima bila kufungua kinywa. Safari ya pili ikawa hivyo hivyo. Mtu ambaye Iteka alimwambia siri yake kwanza alikuwa babu, aliyemwamini kuliko wote duniani. Kama yule aliisema, huyu wa koti jeupe angezuiwa na nini?

Twizeyimana hakumlazimisha. Alimuuliza jambo moja tu: "Iteka, unaniruhusu nimwite mama yako na babu yako, nizungumze nao ukiwepo? Ukikataa, siwaiti."

Iteka akaitikia kwa kichwa.

"Mtoto huyu ameacha kusema," muuguzi aliwaambia walipoketi. "Asiposema, matibabu yake yamesimama. Kumetokea nini?"

Spès alimtazama mkwewe, kisha akainamisha macho. "Baba alilisema jambo lake kwenye kikao. Mbele ya watu wote."

"Nilitoa ushuhuda," mzee akasahihisha. "Kwa nia njema. Tena mama mmoja amekwisha kumleta mwanawe hapa kwa sababu yangu."

"Ni kweli amemleta, na nimefurahi," Twizeyimana akajibu. "Lakini niambie, Mzee: siri ile ilikuwa ya nani?"

"Ya nyumba yangu. Na mkubwa wa nyumba ni mimi."

"Hapana, Mzee wangu. Ilikuwa ya Iteka. Mimi ninao ufunguo wa kabati lenye faili lake, na hata hivyo sina ruhusa ya kumsimulia jirani yake. Ungeweza kuwaambia watu kwamba huduma hii ipo hapa na kwamba inasaidia. Hayo yangetosha kumleta mama yule. Jina la mtoto na shuka lake vilihitajika kwa kazi gani?"

Mzee Rutayisire akaivua kofia yake na kuiweka magotini.

Nyumbani, babu alimkuta Iteka ameketi kwenye kizingiti cha jikoni. Akaketi karibu naye, chini, bila kujali koti lake.

"Nimekusaliti," akasema. "Kikao kijacho nitasimama mbele ya wote niwaambie kwamba nimekukosea."

"Hapana!" Iteka akaruka. "Utawakumbusha na waliokwisha kusahau!"

Hilo mzee hakuwa amelifikiria. "Basi unataka nifanye nini?"

"Unyamaze. Na ukitaka kusema habari zangu, uniulize kwanza."

"Hata kwa padri?"

"Hata kwa padri."

"Hata nikiwa ninakusifu?"

"Hasa ukiwa unanisifu."

Mzee akameza mate kama mtu aliyepewa dawa chungu. "Nimekubali. Naomba unisamehe, Iteka."

Iteka alichora mstari vumbini kwa kidole cha mguu. "Sijui kama nimekusamehe."

"Usijilazimishe," babu akasema. "Nitangoja."

Mambo mengine yalianza kwa mama. Spès alimuuliza Iteka kama angependa mwalimu wa darasa aelezwe, na aelezwe nini. Iteka alifikiri siku mbili, kisha akachagua maneno: mwalimu ajue kwamba anatibiwa kwa sababu ya msiba, na kwamba anatukanwa darasani. Mwalimu aliposikia hayo, alimwita Gisa pembeni, na utani wa mvua ukakoma. Siku hiyo hiyo Uwera alilirudisha begi lake mahali pa zamani. "Niliogopa watanicheka na mimi," akasema kwa sauti ndogo. Iteka akaisogeza rula yake ikawa kati yao.

Safari iliyofuata ya kituo cha afya, Spès alikuwa kazini, hivyo babu alimsindikiza. Mlangoni mwa chumba cha muuguzi mzee alisimama. "Niingie, au nibaki nje?"

"Baki nje," Iteka akasema.

Babu akaketi kwenye benchi la wagonjwa, chini ya dirisha lililokuwa wazi. Ndani, Twizeyimana alifungua faili na kungoja. Iteka akatazama mikono yake na kunyamaza, kama safari zile mbili zilizopita. Ndipo sauti ya Mama Shami ikasikika kutoka nje, kubwa na yenye uchangamfu.

"Mwalimu Rutayisire! Umeleta mjukuu? Vipi, bado anakojoa?"

Iteka akakaza meno. Alimjua babu yake: swali kama hilo lingemwinua kwenye benchi, na hotuba ingeanza.

"Mama Shami," sauti ya mzee ikajibu, "habari za mtoto huyu anazo mwenyewe."

"Aa, lakini si wewe uliyetusimulia?"

"Ni mimi, na nilikosa. Nilisema lisilokuwa langu. Sitaliongezea hata neno moja."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kidogo. Mwanao hajambo?"

Nje kukawa kimya. Iteka alikitegea sikio kimya kile, akingoja kivunjike. Hakikuvunjika. Akavuta pumzi ndefu.

"Jumanne shuka lilikuwa limelowa," akamwambia muuguzi. "Nilikuwa nimeota baba. Alikuwa ananiita, na mimi nilishindwa kuvuka barabara."

Akazungumza mpaka muda ukapita, na Twizeyimana hakumkatiza.

Alipotoka, babu alisimama, akavaa kofia yake. Wakashika njia ya nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kikao Iteka alitembea upande mmoja wa barabara na babu yake.

"Miaka thelathini na minne," mzee akasema taratibu, "niliwafundisha watoto kusema kweli, na sijuti. Lakini kuna jambo sikulifundisha kwa sababu sikulijua. Kweli inayomhusu mtu mwingine, mwenye kuitoa ni yeye. Mtoto akiugua moyoni anahitaji muuguzi, na anahitaji watu wake wa nyumbani kuliko muuguzi. Nao watu wa nyumbani, kabla ya msaada mwingine wowote, wanapaswa kulilinda neno alilowaamini nalo. Wasipolilinda, hatawapa jingine, nao watamsaidia kwa lipi?"

Walipokaribia nyumbani babu akakohoa kidogo.

"Je, naweza kumwambia mama yako kwamba leo umezungumza?"

Iteka akafikiri. "Mwambie nimezungumza. Lakini usimwambie nimesema nini."

"Hilo," mzee akasema, "hata mimi silijui."

Iteka akacheka.