Rufaa Haikatwi kwa Chifu

Amongin aliuza wimbi na mtama sokoni Malaba. Wateja walitoka pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, na wengi aliongea nao Kiteso. Lugha hiyo ndiyo iliyomponza yeye na binti zake. Binti yake Cindy alipoenda kuomba kitambulisho, ofisa alimwambia, "Nyinyi ni watu wa Tororo. Rudini kwenu." Cindy alizaliwa Kocholia, upande wa Kenya.

Amongin hakukubali. Alienda Mahakama Kuu kule Busia bila wakili, akashtaki kwamba haki za binti zake, Cindy na mdogo wake Alupo aliyekataliwa vilevile, zimevunjwa. Jaji akaitupa kesi. Alisema ushahidi, yaani vyeti vyao vya kuzaliwa, hautoshi.

Sasa Amongin akafanya alichojua. Kijijini, usiporidhika na uamuzi wa mzee wa kijiji, unapanda kwa naibu wa chifu, kisha chifu, kisha DO, mkuu wa tarafa. Basi naye akapanda, jogoo wa zawadi kwapani. Alipokewa vizuri kila ofisi, akaambiwa angoje. Laiti mmoja wao angemwambia ukweli. Miezi ikapita, Cindy akachoka kungoja. Akavuka mpaka, akaenda kukaa na shangazi yake Tororo.

Siku moja Oundo, msaidizi wa sheria wa kanisani, alikuja kununua wimbi. Amongin akamsimulia yote.

"Mama, rufaa haikatwi kwa chifu," Oundo alisema. "Chifu hana nguvu juu ya jaji."

"Sasa ningeenda wapi?"

"Ungerudi palepale kortini Busia, upeleke notisi ya rufaa kwenye masjala. Sheria inakupa siku kumi na nne tangu uamuzi utolewe. Hata bila wakili."

"Hizo zimeisha kitambo."

"Ni kweli. Lakini unaweza kuomba Mahakama ya Rufaa ikuongezee muda. Eleza wazi kwa nini umechelewa. Wanaweza kukataa, lakini usipoomba, umejifungia mlango mwenyewe."

Amongin alimpimia wimbi. Roho ilimuuma sana.

"Na jogoo wangu alienda bure," alisema.

Oundo alimsaidia kuandika ombi. Amongin alieleza kila ofisi aliyopitia, hata jogoo akamtaja. Akaongezewa muda. Kisha akapeleka nakala za uamuzi na za ushahidi wote wa kesi ya kwanza. Huko Kisumu, majaji wa rufaa walisema vyeti vya kuzaliwa havikupaswa kupuuzwa. Wakaamuru wasichana waandikishwe.

Amongin akampigia Cindy simu hapohapo nje ya korti.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Korti imesema wewe ni wa hapa."

Cindy akamjibu, "Mama, nilishaandikishwa huku. Nimepata kitambulisho cha Uganda, na kazi pia."

Alupo alipata kitambulisho chake, na leo anasomea ualimu. Amongin anashukuru, lakini majuto hayajamtoka. Mteja akimwambia kwamba kesi yake imetupwa, Amongin huweka kipimo cha wimbi chini kwanza.

"Uamuzi ulitolewa lini?" humuuliza. "Leo twende Busia."