Tawi Moja Barabarani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku aliosha gari la kusambaza mkate ambalo mjomba wake aliajiriwa kuliendesha. Jina hilo alipewa na mama yake, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea na ndoo, akaongea na matairi, hata vioo alivisimulia umbea wa darasani. Mjomba, mdogo wake mama, aliishi nao, na gari hilo ndilo lililowapa wote riziki.

Asubuhi moja alikuta taa ya kushoto imepasuka na bampa limebonyea. Penye bonyeo palikuwa na rangi nyekundu. Mjomba alimjibu bila kumtazama kwamba amegonga mbwa. Mbwa mwekundu? Chiriku alicheka, akasugua weee, rangi haikutoka.

Alipofika barabarani kicheko kilimwisha. Kibao cha kuwaonya madereva kwamba mbele wanavuka watoto kilikuwa kimelala mtaroni, na nguzo yake nyekundu na nyeupe imekunjika. Pale barabara inapinda; bila kibao, dereva mgeni hajui kuna shule mpaka aione. Chiriku alivuka akanyamaza. Mjomba ni mjomba, alijiambia, watasema wengine.

Hakuna aliyesema. Wiki haikuisha, pikipiki ilikuja mbio konani ikamgonga rafiki yake wa dawati moja, akavunjika mguu. Darasa zima lililia, na mwalimu naye. Chiriku hakulia. Alikufa ganzi mwili mzima. Alinakili yaliyoandikwa ubaoni bila kuelewa neno. Nyumbani alikula kwa kuwa sahani ilikuwa mbele yake.

Mama ndiye aliyeshtuka. Alizoea kumkemea anyamaze, na sasa nyumba ilikuwa kimya hadi sufuria ilisikika ikichemka. Alimgusa paji la uso. Halikuwa na joto. Mjomba, akinywa chai, alitania kwamba leo chiriku kameza jiwe.

"Mjomba," Chiriku alisema kwa sauti kavu, "hukugonga mbwa. Uligonga kibao cha shule, ukaondoka. Na mimi nilijua."

Mjomba aliweka kikombe chini. Hakukana. Alisema alisinzia kidogo tu, kisha akaogopa kufukuzwa kazi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema. "Vaa viatu, twende."

Waliongozana wote watatu hadi kituo cha polisi, na mjomba akaeleza mwenyewe. Alinyang'anywa leseni, na kazi ikaenda nayo. Mama alianza kufua nguo za watu. Kibao kipya kilichelewa, basi kila asubuhi mjomba alisimama konani na kitambaa chekundu, akisimamisha magari watoto wavuke. Wengine walimzomea. Alisimama tu.

Siku rafiki yake aliporudi shuleni kwa magongo, Chiriku alimbebea mkoba. Mjomba alisimamisha magari pande zote mbili, akaja kuwavusha. Aliutazama ule mguu kwa muda.

"Kugonga kunaweza kumpata dereva yeyote, wanangu," alisema. "Kukimbia nilichagua mwenyewe. Gari likiharibika njiani, dereva hukata tawi la mti akaliweka barabarani ili wanaokuja wajihadhari. Kila dereva anajua hilo. Siku ile miti ilikuwepo, na mikono nilikuwa nayo. Tawi moja tu, na mguu huu ungekuwa mzima."

Hapo ndipo Chiriku alipolia.