Upanga Mlangoni kwa Bokhui

Jumapili ile soko la Namdaemun lilifurika watu. Bokhui, msichana wa darasa la ualimu, alimgonga kijana mmoja hadi samaki wakavu aliowabeba wakatawanyika. Wakachutama kuwaokota.

"Samahani, bwana. Sikukuona."

"Urefu wote huu?"

"Labda umesimama vibaya."

Kijana akacheka. Aliitwa Inseop, alivaa joho jeupe lililopigwa pasi vizuri, na alisema yeye ni mwalimu. Bokhui alirudi nyumbani kama mtu aliye ndotoni.

Jumapili zilizofuata walitembea kando ya ukuta wa mji, maua ya manjano yakiwaangukia mabegani. Kwa kuwa Inseop alikuja amevaa joho lake jeupe la Kikorea kila mara, si sare, Bokhui aliamini anafundisha shule ya kanisa. Inseop hakumsahihisha. Alifundisha shule ya serikali ya Wajapani waliotawala Korea, ambako mwalimu husimama mbele ya watoto na sare nyeusi na upanga kiunoni, sawa na polisi. Mapenzi yalimfanya mwoga, nami simlaumu sana.

Jumanne moja alisikia Bokhui ana homa. Alitoka darasani mbio na mapeasi mkononi, akasahau alichovaa. Mama yake Bokhui aliona upanga langoni, akadhani ni polisi, hakungoja kuona uso. Alikimbilia jikoni akatumbukiza motoni kitabu chembamba cha historia ya Korea, kitabu kilichopigwa marufuku, ambacho marehemu mumewe alikinakili kwa mkono.

Bokhui akatoka amejifunika blanketi.

"Kumbe ni wewe?"

"Mpenzi, ningekwambia."

"Lini? Baba ameungua jikoni. Nenda, Inseop."

Barua za Inseop zilirudishwa bila kufunguliwa. Bokhui alilia, akamchukia, akamkumbuka, yote kwa siku moja. Jumapili ya tatu Inseop alikuja na karatasi na brashi ya wino, akaketi barazani.

"Ulisema baba alikusomea kitabu kile hadi ukakijua kwa moyo. Sema, niandike."

"Na kesho utavaa upanga?"

"Nitauvaa. Serikali imenisomesha ualimu, lazima niitumikie miaka yangu."

"Wakiikamata hati hii je?"

"Watanivua upanga wenyewe. Kisha watanifunga."

Bokhui akaketi kando yake. Halafu akaanza, taratibu, kwa sauti aliyoisikia utotoni, na Inseop akaandika mpaka jua likahama barazani. Mwisho wa ukurasa wa mwisho akaandika jina lake kamili, akamsogezea karatasi zote.

"Kaa nazo. Siku ukinichoka, zipeleke polisi."

"Mjinga wewe."

Bokhui akachukua brashi, akaandika jina lake chini ya la Inseop.

Mama, aliyekuwa akijifanya anachambua maharage, aliinuka. Akaingia jikoni, akaanza kukanda unga wa tambi, ambazo nyumba ile haikuwahi kuzipika ila siku ya harusi.