Maboksi Chini ya Pikapu

Bolti tano zilikuwa zimeshatoka. Ya sita iligoma. Fundi mkuu wa gereji, aliyelala chali chini ya pikapu, aliipulizia dawa ya kutu, akangoja.

Mama Mikate alikaa juu ya tairi kuukuu, mkoba mapajani. Pikapu hiyo ndiyo iliyopeleka mikate yake madukani kila siku. Dereva wake alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee. Leo mkwe alisimama kando, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Juzi asubuhi gari lilimshinda mlimani. Injini ililia, gari halikupanda. Likasukumwa mpaka hapa, mahali lilipofungwa klachi mpya miezi mitatu nyuma, kwa dhamana ya maandishi ya miezi sita. Fundi mkuu alijaribu gia mbili, akashuka akifuta mikono. Alisema dereva ndiye aliyeiua klachi, kwa kulaza mguu kwenye pedali ya klachi safari nzima. Dhamana haikuhusu uendeshaji mbaya. Kisha akatoa karatasi yenye maneno hayo, ili Mama Mikate atie sahihi.

Mama Mikate alishika kalamu, akasita. Unamuulizaje mkwe wako habari za mguu wake? Na kama ni kweli, angelazimika kutafuta dereva mwingine. Binti yake angebaki katikati, huku mama, huku mume. Akasema ameacha miwani nyumbani. Miwani ilikuwa mkobani.

Jioni hiyo alikwenda kwa jirani yake, mama mmoja anayefundisha ufundi wa magari chuoni. Mtaa mzima unamwita Mwalimu.

"Umefanya vizuri kutotia sahihi," Mwalimu alimwambia. "Klachi imo ndani, hajaiona. Mwambie aifungue mbele yako, na asitupe kipande chochote. Nitakuja nawe."

Ndiyo maana leo wote walikuwa hapa, hata binti.

Bolti ya sita ikakubali. Giaboksi ikateremshwa taratibu. Fundi mkuu akaitoa sahani ya klachi, ile inayounganisha nguvu ya injini na giaboksi, akaiweka mezani. Mwalimu aliipiga picha kwanza, ndipo akaigusa.

"Ukilaza mguu kwenye pedali, klachi haishiki sawasawa," alieleza. "Inasuguana, inapata moto, inaliwa. Hii ingekuwa imekwisha kabisa, na chuma chake kingekuwa na madoa ya bluu ya kuungua. Shika mwenyewe."

Mama Mikate alishika. Sahani ilikuwa nene bado, bila doa la bluu, lakini vidole vyake vilitoka vyeusi, vinateleza.

"Ni oili," Mwalimu alisema. "Klachi ikilowa oili itateleza tu, hata akiendesha malaika."

Fundi mkuu hakukana oili. Alisema tu kwamba huenda ilianza kuvuja juzi, maana siku aliyofunga klachi palikuwa pakavu. Mwalimu hangeweza kulithibitisha wala kulikanusha. Hakuwepo siku hiyo.

"Maboksi," binti alisema.

Mama yake alimtazama, akaelewa. Mama Mikate hapendi doa kwenye ua wake. Kwa hiyo kila wiki binti hutandika boksi tupu la hamira chini ya pikapu, na lile chafu huliweka stoo, la kuwashia tanuri mvua zikianza. Na kila boksi lina tarehe, ambayo Mama Mikate mwenyewe huandika siku ya kulifungua.

Binti alikwenda mbio, akarudi na maboksi kumi na matatu. Akayapanga sakafuni kwa tarehe. La kwanza, la wiki ile ile klachi ilipofungwa, lilikuwa na tone moja. La nne lilikuwa na doa kama sahani ya chai. La mwisho lilikuwa limelowa.

Fundi mkuu aliinama, akazisoma tarehe. Akachukua tochi, akarudi chini ya gari, akapapasa nyuma ya injini.

"Sili, mpira wa kuzuia oili isivuje, ni ile ya zamani," alisema kutoka huko chini. "Imekauka. Nilipaswa kuibadilisha siku ile. Kosa ni langu, mama. Dhamana ipo."

Mama Mikate alishusha pumzi. Kisha akacheka, akijicheka mwenyewe. "Miezi mitatu tumelinda ua, gari tumeliacha."

"Tone likionekana, mpelekee fundi boksi lenyewe," Mwalimu alisema.

Mkwe alikohoa. "Mama, nisifiche. Mlimani, foleni ikisimama, nalizuia gari kwa klachi badala ya breki."

"Hilo siyo lililoiua hii," Mwalimu akajibu, "lakini litaiua ijayo. Vuta breki ya mkono, toa gia, mguu uweke sakafuni."

Sili mpya ingefika kesho. Fundi mkuu aliichana karatasi yake, akaandika nyingine: oili imevuja, kazi ni ya gereji. Mama Mikate alitoa miwani mkobani, akasoma yote, ndipo akatia sahihi.

"Kesho wewe ndiye utakayekuja, mwanangu," alimwambia mkwe. "Uione sili mpya kwa macho yako kabla hawajafunga. Gari ni la kwako kuendesha."

Mkwe akaitikia, na mikono yake ikatoka nyuma.

Giaboksi ilibaki sakafuni. Fundi mkuu aliomba lile boksi kavu, la tone moja, akalitandika chini yake, akafunga mlango.